Kitambaa cha kwaya: namna ya kuchora wimbo uonekane hadi benchi ya mwisho

Kitambaa kinachotundikwa nyuma ya kwaya siku ya sikukuu kina kazi moja: anayekaa benchi ya mwisho aone kile ambacho wimbo unasema. Hapa Lubumbashi, mji wa Kongo, iwe katika mtaa wa Kenya, Katuba, Kamalondo au Ruashi, kazi hii huangukia kundi la wamama. Mmoja anajua kuchora, wawili wana cherehani, wengine wana mikono na nia. Hao wanatosha. Vitambaa vingi vinaharibika kabla brashi ya kwanza haijaguswa: amerikani, kile kitambaa cha pamba cha kawaida, haikufuliwa, rangi ilitiwa maji mengi, na picha ilijazwa watu wadogo wadogo ambao kutoka mlangoni hawatambulikani.

Vipimo vya hapa ni vya kitambaa cha mita 2.4 kwa mita 2, kazi ya wamama sita hadi kumi. Anzeni wiki sita kabla ya sikukuu. Kazi yenyewe inaingia katika wiki nne. Mbili zilizobaki ni za mvua, za misiba na za siku ambazo hakuna aliye huru.

Kwanza wimbo, halafu penseli

Nendeni kwenye mazoezi ya kwaya, mwombeni kiongozi aimbishe wimbo wote mara mbili. Wakati unaimbwa, mmoja wenu aandike vitenzi vya kiitikio peke yake: imbeni, inukeni, vukeni, ameshuka. Maneno kama upendo, neema na utukufu yaacheni kwenye daftari. Hayachoreki. Mtu akiyalazimisha anaishia kwenye miale ya jua na njiwa, vitu ambavyo kanisa zima limekwisha kuvizoea hadi halivioni tena. Kitenzi kinaleta mwili: mkono, goti, shingo iliyogeuka. Chagueni kitenzi kimoja, na picha nzima ikitumikie hicho kimoja. Beti zitaimbwa, hazina haja ya kuchorwa.

Tuchukue mfano unaofaa kwa kwaya ya wamama, Miriamu katika kitabu cha Kutoka, sura ya 15. Watu wamevuka bahari, Miriamu anashika tari, wanawake wote wanamfuata wakipiga matari na kucheza. Kitendo ni kimoja na waimbaji ni wanawake. Mchoreni Miriamu katikati, kuanzia magotini kwenda juu, urefu wa sentimita 130, tari ikiwa juu ya kichwa. Wanawake wawili wakae kushoto na wawili kulia, urefu wa sentimita 70 hivi. Waliobaki ni vilemba na mikono iliyoinuliwa, mstari mmoja nyuma yao. Bahari ni mikanda miwili ya bluu pembeni. Farasi wa Farao na magari yake wasiingie.

Mikono ile ya nyuma ndiyo inayobeba muziki, na hapo msifanye haraka. Ipangeni kwa nafasi sawa, sentimita 20 kutoka mkono hadi mkono, ili jicho lihesabu pigo kama mguu unavyolihesabu sakafuni. Kisha mkono mmoja uvunje safu: ushuke, au kiganja kigeuke. Jicho litasimama hapo. Kwa hiyo mkono huo uwekwe karibu na uso wa Miriamu, usiwekwe pembeni ambako hakuna cha kutazama.

Tumieni nafasi tupu bila woga. Mfano mzuri wa picha yenye vitu vichache umetoka eneo letu hili hili la Katanga. Mwaka 1926, huko Bukama, mtumishi wa serikali ya kikoloni aitwaye Georges Thiry aliona nyumba zilizochorwa kwenye kuta, akawapa wachoraji karatasi na rangi za maji. Kati yao walikuwa Albert Lubaki na mke wake Antoinette Lubaki, mmoja wa wanawake wa kwanza wa Kongo ambao majina yao yanajulikana katika uchoraji wa karatasi. Picha za akina Lubaki zilionyeshwa Brussels mwaka 1929, na mwaka 2015 zilikuwa Paris, kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo katika Fondation Cartier. Tazameni picha za Antoinette kwenye simu: wanyama wachache, watu wachache, mmea, na weupe wa karatasi ukibaki wazi kuwazunguka. Hakuna anayejiuliza atazame wapi. Kitambaa cha kanisani kinahitaji utulivu wa namna hiyo kuliko karatasi, kwa sababu mbele yake watasimama waimbaji thelathini wenye vikwembe, yaani vitenge, vya maua.

Ukubwa una hesabu yake. Kila mita 3 za umbali zinadai sentimita 2.5 za urefu wa herufi ili mtu asome bila kukaza macho. Kama kutoka kitambaa hadi mlango ni mita 25, herufi ziwe za sentimita 20 hivi, na unene wa mstari wake sentimita 3. Kwenye upana wa mita 2.4, ukitoa ukingo, herufi kumi na nne zinaingia: MWIMBIENI BWANA inakaa vizuri. Aya nzima haikai. Mkiibana, herufi zitashuka hadi sentimita 8, na hizo zinasomeka vizuri hadi mita 10 tu, yaani na wale waliofika mapema. Uso wa Miriamu usiwe chini ya sentimita 25 kutoka kidevu hadi paji, na mikono yake ichorwe mikubwa kidogo kuliko ilivyo kwa mwili wa kawaida, maana kwa mbali mikono ndiyo inayopotea kwanza.

Herufi ziwekwe juu. Wengi huziweka chini kwa mazoea, halafu kwaya inapanda ngazi na kuzifunika kwa vichwa.

Kabla ya kununua chochote, muulizeni padri au pasta mambo matatu: kama sura za watu zinakubaliwa, kitambaa kitatundikwa wapi, na kama ukuta unaweza kupigwa misumari. Ulizeni pia rangi ya siku na sare ya kwaya. Kwa Wakatoliki, nyeupe ni ya Pasaka na Noeli, nyekundu ni ya Pentekoste na ya mashahidi, zambarau ni ya Majilio na Kwaresima, kijani ni ya kipindi cha kawaida. Vikundi vinavyomwadhimisha Mwenye Heri Anuarite, mtawa wa Kongo, tarehe 1 Desemba vinahitaji nyekundu, kwa kuwa aliuawa shahidi siku hiyo mwaka 1964. Kwa Wakimbangu, waumini wa kanisa la Simon Kimbangu, kijani na nyeupe vina uzito wake. Na kama kwaya itavaa bluu, nyuma yake msipake bluu: waimbaji watamezwa na kitambaa.

Amerikani, na kwa nini isiwe gunia

Wachoraji wa Lubumbashi wa miaka ya 1970 walichora sana juu ya vitambaa vya magunia ya unga, na wengi bado wanashauri hivyo. Gunia la siku hizo lilikuwa la pamba. Gunia la leo ni la plastiki iliyofumwa. Rangi ya maji inakaa juu yake na kubanduka mkilikunja mara ya kwanza. Nunueni amerikani, au tumieni shuka kuukuu la pamba tupu. Muuzaji akisema ni pamba, chomoeni uzi mmoja na kuuchoma: pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini, uzi wa plastiki unayeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Kwa amerikani ya upana wa sentimita 90, nunueni mita 7 na nusu. Fueni kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kukata. Amerikani mpya ina wanga wa kiwandani unaoizuia gundi isiingie, na inasinyaa sentimita 5 hadi 7 kwa kila mita. Isipofuliwa, itajikunja chini ya rangi, na rangi itavutika. Ikaushwe, ipigwe pasi ikiwa na unyevu kidogo, kisha ikatwe vipande vitatu sawa. Viungeni kwa kusimama, kimoja kando ya kingine. Vipande vitatu vinaacha mishono miwili, mmoja kila upande wa katikati, na uso wa Miriamu unabaki mzima. Ukiunga viwili, mshono unampita puani.

Mshono uwe wa kulala: shoneni mara ya kwanza, punguzeni ukingo mmoja, ukunjeni ule mwingine juu yake, shoneni tena. Mshono uliosimama unaacha tuta ambalo mwanga wa dirishani utalionyesha hata chini ya rangi. Juu na chini kunjeni sentimita 10 ili mti au bomba lipite, na pembeni pindo la sentimita 3. Mkimaliza mtapata karibu mita 2.4 kwa 2.

Sasa kivutwe. Fremu ya mbao za sentimita 5 kwa 3 ni bora. Ukuta wa darasa la parokia unafaa pia, mradi mtandaze karatasi ya plastiki kati ya ukuta na kitambaa. Bila plastiki gundi inapenya na kushika chokaa, na siku ya kubandua mtabandua ukuta. Misumari ipite kwenye mapindo, nafasi ya sentimita 15. Anzeni katikati ya kila upande, halafu mwende taratibu kuelekea pembe, upande huu na upande wa pili kwa zamu. Wanaoanza pembeni wanapata mikunjo ya mshazari ambayo hakuna pasi itakayoiondoa.

Tabaka la kwanza ni gundi nyeupe ya mbao, kipimo kimoja kwa vinne vya maji. Pakeni kwa brashi ya sentimita 10, msugue ili iingie kwenye uzi. Kitambaa kitalegea kikiwa kibichi na kukaza kikikauka. Msikivute tena katikati. Kikikauka, pakeni nyeupe: vipimo vinne vya rangi ya maji ya ndani ya nyumba, kimoja cha gundi, kimoja cha maji. Tabaka mbili nyembamba, moja kwa wima na ya pili kwa ulalo, na msasa laini katikati yake. Lita moja na nusu inatosha kwa zote mbili.

Msitumie uji wa muhogo badala ya gundi. Ni rahisi, na mwanzoni unakaza kitambaa vizuri sana, lakini mende wanaula, na wakati wa mvua unaota ukungu wa madoa meusi kutoka ndani. Msiongeze unga wa chaki ili nyeupe iwe nzito, kwa sababu chaki nyingi inapasuka kitambaa kikiviringishwa.

Wekeni kando ukanda mmoja wa amerikani, sentimita 10 kwa 30, mkaupaka kila tabaka mnayopaka kwenye kazi. Baada ya siku mbili uviringisheni kwenye mpini wa fagio. Ukipasuka, mchanganyiko wenu una gundi kidogo mno, na mmejua hilo kwa ukanda. Kundi linaloruka jaribio hili hulijua jambo hilo siku ya kushusha kitambaa.

Hali ya hewa ya Lubumbashi inaamua saa za kazi. Kuanzia Novemba hadi Machi, tabaka inayokauka kwa saa chache inaweza kuhitaji usiku mzima. Msipake ya pili wakati ya kwanza bado ni baridi kwenye kiganja. Juni na Julai kuna hatari nyingine: asubuhi na usiku ni baridi, na chini ya nyuzi 10 rangi ya maji haishikani, inakauka ikiwa unga. Katika miezi hiyo pakeni kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Agosti na Septemba vumbi ndilo adui. Mwagieni maji sakafu kabla ya kuanza.

Rangi

Chupa ndogo za kutia rangi zinazouzwa karibu na madebe ya rangi nyeupe zina mpaka: zisizidi kijiko kimoja cha chai kwa kikombe kidogo cha rangi nyeupe. Zikizidi, rangi haikauki sawasawa, na itashika nguo ya mwimbaji wa kwanza atakayeigusa. Ndiyo maana kwa njia hiyo mtapata waridi, samawati na kijani cha majani machanga, lakini hamtapata nyekundu iliyoiva wala bluu ya usiku.

Rangi nzito zinatoka kwenye unga wa okisidi ya chuma, ule unaotiwa kwenye saruji ya sakafu. Upo mwekundu, wa njano na mweusi. Loweni unga kwa maji hadi uwe uji mzito, uache usiku, kisha kwa kila kikombe cha uji tieni kikombe cha gundi na nusu kikombe cha maji. Okisidi haipauki kwa jua. Nusu kilo ya nyekundu, nusu ya njano na robo ya nyeusi zinatosha kitambaa chote.

Bluu ya kufulia ni nzuri ikiwa ni ya unga halisi. Ijaribuni kwenye glasi ya maji: ikizama usiku na maji yakabaki meupe, itumieni, maji yakibaki ya bluu, hiyo ni dawa ya kutia nguo rangi, na itachuja kupitia kila tabaka mtakayopaka juu yake.

Udongo mwekundu wa hapa ni rangi tayari, na ule wa kichuguu ni laini zaidi. Pondeni, mtie kwenye ndoo ya maji, mkoroge, mhesabu hadi sitini ili mchanga uzame, kisha mmimine maji yenye rangi kwenye ndoo ya pili. Kesho yake mwageni maji yaliyo juu. Tope lililobaki chini lichanganywe na gundi kama okisidi. Jambo moja tu msilifanye: msichukue udongo karibu na migodi, viwanda vya kuyeyusha shaba au lundo la takataka zake, hata ukiwa na rangi nzuri kiasi gani. Una madini mazito. Unga wa kijani wa malakiti vilevile ni sumu ukivutwa puani, na wamama huja kazini na watoto mgongoni. Kijani changanyeni wenyewe, njano na bluu.

Msiongeze maji kwenye rangi ili iende mbali. Ikizidi maji inapoteza nguvu ya kushika, na ukipitisha kidole inatoka unga. Kama ni nzito mno, ipunguzeni kwa maji ya gundi, kipimo kimoja kwa vinne, yale ya tabaka la kwanza.

Kuhamisha mchoro

Mchoro mdogo uwe wa sentimita 24 kwa 20 kwenye karatasi, umegawanywa kwa miraba ya sentimita 2. Kitambaani miraba ni ya sentimita 20. Zote ni 120, kumi na mbili kwa ulalo na kumi kwa wima. Pakeni uzi unga wa makala, yaani makaa, wawili wauvute, wa tatu auinue na kuuachia: mstari umenyooka. Andikeni namba juu na herufi pembeni, halafu kila mmoja apewe miraba yake. Hapa hata asiyejua kuchora anafanya kazi safi, kwa sababu ananakili mistari mitatu minne ndani ya mraba, bila kufikiria kwamba anachora sikio la nabii.

Choreni kwa makala. Kalamu ya Bic na marka ni marufuku: wino wake unapanda kupitia nyeupe, kupitia kahawia, na miezi miwili baadaye mstari wa zambarau unatokea shavuni. Mchoro ukikubaliwa, pigeni kitambaa kwa tamba kavu ili vumbi la makala liondoke, maana likibaki linachafua njano na kuifanya kijivu. Kabla ya kuendelea rudini mita 25. Kama hamna ukumbi mrefu, pigeni picha ya simu na kuitazama ikiwa ndogo kama kucha. Kisichotambulika hapo hakitatambulika kanisani, na kukirekebisha sasa ni kazi ya dakika tano.

Kupaka

Mpangilio ni nyuma kwanza, halafu mavazi, halafu ngozi, halafu nakshi, na mistari ya mwisho. Kila rangi ya eneo kubwa ichanganywe yote kwa mara moja, lita moja kwa anga au bahari, na ifunikwe kwenye kopo. Mkiishiwa katikati hamtaipata tena ilivyokuwa. Na kumbukeni rangi ya maji ikikauka inakuwa na giza zaidi kuliko ilivyo kwenye kopo. Jaribuni kwenye ule ukanda na msubiri ikauke kabla ya kusema ndiyo.

Ngozi inastahili subira yenu yote. Kosa la kawaida ni kuchukua kahawia moja, kutia nyeusi kwa kivuli na nyeupe kwa mwanga. Matokeo ni sura za kijivu, kama watu waliopakwa majivu, na wamama wanaotazama hawajioni humo. Anzeni na vijiko vinne vya okisidi nyekundu, viwili vya njano na nusu kijiko cha nyeusi. Nyeusi ya okisidi ina nguvu, iongezwe kidogo kidogo. Hiyo ni rangi ya katikati. Kwa kivuli, chini ya kidevu na upande wa pua, chukueni sehemu yake na kuitia bluu na nyekundu kidogo, msitie nyeusi. Kwa mwanga, kwenye paji na mfupa wa shavu, ongezeni njano kwanza, halafu nyeupe robo ya hiyo njano. Mguso wa mwisho ni mdogo: samawati nyepesi sana, kwa brashi karibu kavu, pale paji linapokutana na kilemba. Kwa mbali ngozi inang’aa kama iliyopakwa mafuta ya asubuhi ya Jumapili. Na wanawake watano wa kwenye picha wasiwe na rangi moja. Badilisheni kipimo cha njano kwa kila mmoja. Hakuna kwaya hapa mjini yenye ngozi ya aina moja.

Mikono mingi inaleta shida yake: brashi ya mama huyu ni nzito, ya yule ni nyepesi, na kitambaa kinaonekana kimeunganishwa. Dawa mtaipata kwa wachoraji wa mji huu wenyewe. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa, wakati mji ukiitwa Élisabethville, karakana iliyojulikana kwa jina la Hangar. Bela alichora humo kwa ncha za vidole, doa kwa doa. Mwenze Kibwanga alijaza picha kwa mistari mifupi iliyosongamana. Pilipili Mulongoy alijaza maji na majani kwa alama ndogo zinazorudia kuzunguka samaki na ndege. Majina yaliyobaki kutoka Hangar ni ya wanaume, lakini njia zao zinafaa kundi la wamama kuliko njia nyingine yoyote, kwa sababu alama ndogo inayorudia inaficha tofauti ya mikono. Bahari ipakwe kwa vidole: bluu ya chini kwanza, ikikauka, kila mmoja achovye kidole kwenye bluu nyepesi na kuweka madoa kwa kufuata mkondo. Vidole vya watu wanane vinatoa uso mmoja. Wekeni kila doa kwa mdundo wa wimbo, polepole. Mkiharakisha, madoa yanaungana na kuwa tope. Vaeni glavu nyembamba kama ngozi ina michubuko.

Vikwembe msivichore ua kwa ua. Kateni kiolezo kwenye karatasi ngumu ya plastiki, kama jalada la daftari au filamu ya eksirei, ua moja la sentimita 8 hadi 10, na mpige kwa sponji. Sponji ichovywe, ipunguzwe kwenye gazeti hadi iwe karibu kavu, ndipo iguse kitambaa. Rangi ikivuja chini ya kiolezo, sponji ina maji. Maua madogo kuliko sentimita 6 yanachanganyika kwa mbali na kuwa rangi moja iliyochafuka.

Mstari wa mwisho, wa kutenga mtu na nyuma yake, uwe wa kahawia nzito, sentimita 1 hadi 1.5, mnene upande wa kivuli na mwembamba upande wa mwanga. Mmoja tu aupake wote, yule mwenye mkono imara. Kazi hii haigawanywi. Herufi nazo ziwe za mtu mmoja, nyeupe juu ya nyekundu nzito au kahawia juu ya njano. Nyekundu juu ya bluu inatetemesha macho. Njano juu ya nyeupe haionekani.

Msimalizie kwa rangi ya mafuta au vanishi ya mbao. Inang’aa, inaakisi dirisha, na inapasuka kwenye mviringo wa kwanza.

Fedha, majina na karatasi

Likelemba ya kundi, ule mchango wa kupokezana kwa zamu, inaweza kutoa fedha za vifaa, lakini fedha hizo ziandikwe kama mkopo wa kazi na sanduku la kanisa lizirudishe kabla ya sikukuu. Baada ya sikukuu kila mtu ana shukrani na hakuna mwenye makuta. Kazi ya mikono ikitolewa kama sadaka, iwe kwa sauti ya kila mama, isiamuliwe na rais wa kundi peke yake.

Andikeni nyuma, kwenye pindo la chini, majina yote, mwaka na jina la wimbo, kwa okisidi na gundi. Wekeni pia karatasi ya mistari michache yenye sahihi mbili: kitambaa ni cha nani, na nani anaweza kutumia picha yake kwenye jalada la albamu au kwenye video ya kwaya. Kongo haki za watunzi zinalindwa na ordonansi-sheria nambari 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, na karatasi hiyo ndiyo itakayowasaidia kuonyesha kwamba mchoro ulitoka kwenu.

Kutundika na kutunza

Subirini siku tatu baada ya mguso wa mwisho, tano wakati wa mvua. Pitisheni bomba la chuma la milimita 25 juu na mti mwepesi chini ili kitambaa kinyooke. Ukingo wa chini uwe mita 2.2 kutoka pale waimbaji wanaposimama. Kisitundikwe mbele ya dirisha: mwanga ukitoka nyuma, rangi zote zinakuwa kivuli na mishono inaonekana kama mifupa. Mahali pazuri ni ukuta mzima wenye dirisha upande, na hapo hata umeme ukikatika picha inaonekana. Tundikeni jioni ya kuamkia sikukuu na mmoja akae benchi ya mwisho, mwingine upande wa nguzo, kabla ya kufunga kamba moja kwa moja.

Kwa maandamano barabarani, tumieni kitambaa chembamba kisichopakwa nyeupe, chenye gundi na rangi nyepesi tu. Kile kizito kinashika upepo na kuwavuta wabebaji.

Kikishushwa, kisikunjwe. Kiviringisheni kwenye bomba la plastiki la milimita 110, upande wenye picha ukiwa nje; ukiwa ndani, rangi inasukumana na kufanya makunyanzi. Kati ya mizunguko wekeni shuka jepesi la pamba, nje mfunike kwa kikwembe kuukuu, msitumie plastiki, maana inafungia unyevu. Kilazwe juu ya kabati la sakristia, mbali na sakafu na panya. Mwezi wa tano, mvua zikiisha, kifungueni kivulini siku nzima. Madoa ya ukungu yafutwe kwa tamba lenye siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, lakini siki isifike penye bluu ya kufulia, kwa kuwa asidi inaiua; hapo tumieni brashi kavu. Palipochanika bandikeni kiraka cha amerikani kwa nyuma kwa gundi isiyotiwa maji, mweke kitabu kizito juu hadi kesho yake, kisha mrudishie rangi kwa mbele kutoka kwenye makopo mliyohifadhi.